Mzigo wa Mgeni

Ikaribiapo likizo ya mwisho wa mwaka, watu wenye nafasi hapa Kampala huanza kufunga mizigo ya kwenda pwani. Ziwa tunalo, na visiwa vya Ssese tunavyo, lakini maji ya chumvi hatuna budi kuyafuata Mombasa au Unguja. Waendao Unguja hupanda ndege Entebbe, wakashukia hoteli za kifahari za Nungwi, Kendwa au Paje. Watiavyo sandukuni twavijua: nguo za kuogelea, miwani ya jua, kofia pana, mafuta ya ngozi, na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Swali letu ni hili: je, kufunga mzigo ni shauri la msafiri peke yake, au mwenyeji naye ana haki katika sanduku la mgeni?

Wapo watakaojibu upesi kwamba mwenyeji hana haki. Mgeni amelipa fedha nyingi. Na avae apendavyo. Jibu hili lina nguvu, ila lina kasoro moja: aliyelipwa ni mwenye hoteli, na ufuo si ua wa hoteli. Maji yanapokupwa huko Paje, wanawake wa kijiji hushuka na kamba na vijiti vyao kulima mwani, kazi iliyoenea pwani hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Wameinama majini, wamejitanda kanga, na mgeni aliye nusu uchi hupita katikati yao akipiga picha. Katika mapatano ya bei, wanawake hao hawakuulizwa neno.

Wengine watasema kwamba kujisitiri ugenini, hali kwako hujisitiri hivyo, ni unafiki. La hasha. Mkiga au Mwacholi aendaye kuposa Buganda huvaa kanzu siku ya kwanjula, na dada zake huvaa gomesi. Hakuna amwitaye mnafiki. Husemwa kwamba amewaheshimu wakwe. Wazee walinena: ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho.

Na kanzu yenyewe ilitoka wapi? Ilipanda kutoka pwani katika mizigo ya wafanyabiashara waliofika kwa Kabaka Suuna katika karne ya 19. Misafara hiyo ilileta nguo na bunduki, ikarudi na pembe za ndovu na watumwa. Tangu hapo twajua kwamba mzigo wa msafiri haupiti mahali bila kuacha jambo, jema au baya. Basi kanga moja na shati refu sandukuni si vitu vidogo.

Kimesalia kitu ambacho mizani ya uwanja wa ndege haikipimi, nacho ni lugha. Kwa miaka mingi Kiswahili kilisikika hapa Kampala kama sauti ya kambi ya askari. Na tangazo la mwaka 1973 la kukifanya lugha ya taifa, kwa kuwa lilitoka kwa serikali ya Idi Amin, halikuiondoa hofu hiyo. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yalikifanya lugha rasmi ya pili. Hata hivyo, mwanafunzi wetu aliyefaulu mtihani, afikapo Unguja, humwagiza mhudumu kwa Kiingereza na kumpita mzee barazani bila salamu. Kiswahili amekiacha nyumbani pamoja na madaftari.

Hapo lawama si yake peke yake. Sisi tuliomfundisha tulimpa ngeli na nyakati za vitenzi; je, tulimfundisha kupiga hodi na kungoja aitikiwe? Tulimweleza kwamba shikamoo humtangulia mkubwa kabla ya haja yoyote? Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo isemwavyo. Lakini mwenyeji ataponaje kwa mgeni asiyemtambua kuwa mtu?

Kwa hiyo, walimu wenzetu, kabla shule hazijafungwa tutenge kipindi kimoja tu kwa ajili ya adabu za ugenini. Wanafunzi wetu wengi hawatakwenda katika hoteli hizo kama wageni. Huenda baadhi yao wakaenda kama wahudumu, nao watapenda kuamkiwa.