Waliobaki Penye Mizigo

Somo: 1 Samweli 30:21–25



Daudi alipowafuatia Waamaleki walioichoma Siklagi alikuwa na watu 600. Watu 200 walichoka, wakabaki kwenye kijito cha Besori wakilinda mizigo; 400 wakaenda vitani. Waliporudi na mali, baadhi ya wale 400 walikataa kuwagawia wenzao. Daudi hakukubali. Akaamuru mafungu yawe sawa, na jambo hilo likawa sheria katika Israeli.

Twaikumbuka habari hii tuonapo ndoa za wazee zikivunjika mara kiinua mgongo kinapotoka. Kanisa huihuzunikia talaka, wala hatuandiki ili kuirahisisha. Lakini ikishatokea, tusiongeze dhuluma juu ya huzuni.

Mume husema, "Hili ni jasho langu, hati ina jina langu." Kweli, jina ni moja. Lakini sisi tuliokuwa walimu twayajua maisha hayo. Kila uhamisho ulipokuja, mke aliacha shamba kabla ya kuvuna, akaenda kuanza jingine ugenini. Aliuguza watoto sisi tukisahihisha madaftari. Mshahara ulipokwisha tarehe kumi na tano, ni muhogo wake uliotufikisha mwisho wa mwezi. Je, huyo hakulinda mizigo?

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 114, huipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za wote wawili, ikiutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliamua kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Hata hivyo si kila shauri huishia nusu kwa nusu, mahakama hupima.

Lakini Mkristo asingoje kulazimishwa na hakimu. Ndugu mliofikwa na jambo hili, kaeni na kasisi na wazee mnaowaamini, mseme kweli juu ya fedha zote, msifiche kitu. Na akina mama wenye pensheni, neno hili ni lenu pia: mume aliyewalindia mizigo msimwache mikono mitupu.

Nasi tulio bado pamoja, leo jioni tumwambie mwenzetu, "Fungu hili ni letu."

Bwana atujalie mioyo ya haki. Amina.