Shukeni Ngazi

Ndugu zangu wa Michenzani, na nyinyi majirani zetu wa Kisiwandui, Rahaleo na Mwembetanga, nakwambieni neno moja: shukeni ngazi. Aliye ghorofa ya juu kabisa na ashuke, aliye ya chini na atoke mlangoni. Tukutane kwenye ile ardhi iliyo baina ya majumba yetu marefu, inayounguza nyayo kiangazi na kugeuka dimbwi masika yakiingia. Tuitazame vizuri. Tumezoea kunyanyua macho juu, kwenye zege linalobanduka na kutu inayochungulia, tukasema mtaa wetu unazeeka. Kilichotangulia kufa ni hiki tunachokikanyaga.

Najua yanayosemwa mjini. Wapo wanaosema majumba yabomolewe, isimame minara ya vioo. Wapo wanaosema yapakwe rangi tu, wageni wakipita wapige picha. Nayakataa yote mawili kwa moyo wangu wote. Anayebomoa anatufukuza, na anayepaka rangi anatuacha vile vile.

Kumbukeni majumba haya yalivyokuja. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, Mzee Karume, Rais wetu wa kwanza, alitaka mtu wa Ng'ambo, upande huu wetu ulio nje ya Mji Mkongwe, aliyekuwa akilala chini ya makuti, apate nyumba ya zege, maji ya mfereji na taa ya umeme. Ujerumani ya Mashariki ikaleta wataalamu wake, na mwaka 1968 mchoro wa mji mpya ukatoka mikononi mwa Hubert Scholz. Wazee wetu wakabeba mchanga na kokoto, wengi kwa kazi za kujitolea. Mzee Karume aliuawa Aprili 1972, lakini ujenzi haukufa naye. Majumba yakaendelea kupanda mpaka yakatimia kumi, mengine marefu yakikaribia mita 300, yamejipanga kwenye barabara mbili zinazokatana. Watu wakayaita treni. Mtu atakayeniambia majumba haya ni takataka, basi kwanza aniambie jasho la wazee wale tulitupe jaa gani.

Lakini ukweli usemwe wote. Ili treni zisimame, mitaa mizima ilivunjwa, na kila nyumba ya udongo iliyovunjwa ilikwenda na kitu ambacho mchoro haukukitia hesabuni: baraza. Baraza ile ya saruji mbele ya ukuta ndipo mzee alipokaa alasiri, mtoto alipofanyia hesabu zake za shule, mgeni alipopewa maji kabla hajaulizwa shida yake. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kuwalipa wenye viwanja kodi ya ardhi, na mgomo ukashika. Mnadhani ulishika kwa sababu gani? Watu wasiojuana hawagomi pamoja. Ule mgomo ulikuwa na mabaraza nyuma yake, na vichochoro ambavyo habari ilipita mlango kwa mlango kabla askari hajavaa viatu.

Leo jirani yangu wa ngazi ya pili simjui jina. Naandika haya kwa haya usoni. Tumegawana ukuta na bomba miaka yote hii, na dini imempa jirani haki juu yangu hata kabla sijapewa ufunguo wa nyumba. Ngazini kwetu yupo bibi mmoja, magoti yamemkatalia. Hapana lifti, zipo ngazi tu, na yeye hushuka kwa mambo mawili: hospitali na msiba. Maji yake hupandishwa kwa dumu na mjukuu kabla ya kwenda shule. Mtaa unaomfungia mwanamke wa umri ule juu hewani, kama ndege tunduni, hauwezi kujiita mtaa, hata ukiwa na mnara wenye taa za rangi.

Ndiyo nikasema shukeni, na mkishuka msishuke mikono mitupu. Majumba haya yanaweza kuzaliwa upya bila mtu hata mmoja kutiwa vyombo kwenye gari ya kuhama. Mjini Bordeaux, Ufaransa, kulikuwa na majengo matatu ya miaka ya 1960 katika mtaa wa Grand Parc, rika la haya yetu, nyumba 530. Wasanifu Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal na wenzao walikataa kuyabomoa. Waliongeza roshani pana mbele ya nyumba, mwanga ukaingia hadi ndani, na wakaazi walikuwa humo humo wakipika na kulala kazi ikiendelea. Vassal huyo alifanya kazi Niger katika ujana wake. Alikwisha kuwaona Waafrika wakijenga kwa kichache walicho nacho. Huko Ujerumani, Leinefelde, jengo refu la mita 180 lilikatwa likawa nyumba ndogo nane, lakini watu wao walikuwa wamehama na vyumba vimebaki vitupu. Kwetu vyumba vimejaa. La kwao haliwi letu. La Bordeaux linatufaa.

Sasa sikilizeni habari ya maji, maana hapa ndipo ninapokosa usingizi. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja ya maji. Chukua paa la mita 300 kwa 10. Mvua moja kubwa ya masika, milimita 50, inaliangushia lita 150,000! Maji hayo yote tunayaacha yaporomoke ukutani, yabomoe zege, yajaze mitaro, yaingie kwenye nyumba za wenzetu wa mabondeni. Halafu kesho yake mtoto anapanda ngazi na dumu kichwani. Kisiwa chetu kinaishi kwa maji ya chini ya ardhi, na tukiyavuta kupita kiasi bahari huingia kuchukua nafasi yake. Basi paa liwe na mifereji yake na chini liwe na birika lake, na maji yale yafue, yasafishe, yamwagilie. Hii si elimu ya kuagiza ng'ambo ya bahari. Nyumba ngapi za zamani visiwani humu zilikuwa na birika la mvua uani?

Na pampu za kuyapandisha maji hayo zitaendeshwa na nini? Mwaka 2008 umeme ulitukatikia karibu mwezi mzima, na Disemba 2009 tukaingia katika kiza cha miezi mitatu. Waliokuwa ghorofa za juu hawajasahau miezi ile. Pampu zililala, na kila tone likapanda kwa mabega ya mtu. Juu ya vichwa vyetu kuna jua la bure na mapaa bapa, marefu, yasiyo na kivuli. Kila jengo liwe na mitambo yake ya jua, ya kusukuma maji na kuwasha taa za ngazini kwanza kabla ya jambo jingine lolote.

Halafu njia. Jengo la mita 300 ni ukuta, na ukuta hugawa watu hata wasipogombana. Penye upenyo uliozibwa pazibuliwe, pawekwe taa, mtoto wa kike apite baada ya isha bila kushika roho. Hizo barabara mbili pana zipewe vivuko ambavyo gari itasimama kwa ajili ya mtu. Wachuuzi wa urojo na mihogo wasifukuzwe. Wapewe sehemu yenye kivuli, maji na pipa la taka, maana pale wanapouza ndipo watu wanapoonana. Na kuta za chini, zote, zirudishiwe baraza. Mita 300 za baraza! Fikirini ni wazee wangapi, ni bao ngapi, ni magomvi mangapi ya nyumbani yatakayosuluhishwa pale bila kufika kwa sheha.

Nanyi wenye kalamu na mihuri, mnaokaa na ramani za mji, nanyi nawaambia. Ule mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, uliowashirikisha watu wa mitaani na wanafunzi, ulichagua jina zito. Itazameni hiyo "tu". Haikusema Ng'ambo waitakayo. Hilo hori lililotutenga na Mji Mkongwe lilikwisha fukiwa zamani, na Darajani limebaki jina bila daraja, lakini mkichora bila sisi mtakuwa mmelichimba tena. Tunataka tuandikiwe kwa wino, kabla ya fundi kupiga nyundo ya kwanza, kwamba aliyemo atabakimo.

Ila sisi tusingoje wino huo tumekaa roshanini. Mahali hapa paliitwa Michenzani kwa ajili ya michenza. Nani kati yetu amewahi kuchuma chenza Michenzani? Jumapili hii, baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijapanda, kila ngazi itoe watu wanne. Leteni majembe, mapauro na mifuko ya taka. Miche minne ya mchenza ninayo mimi, imo ndooni jikoni kwangu, ina majani mapya. Vijana wanne wenye nguvu nawataka waanzie kwetu, wapande na kiti cha mikono, wamteremshe yule bibi taratibu. Alikuwa msichana siku mitaa ya hapa ilipovunjwa. Atatuonyesha kwa mkongojo wake baraza ya kwao ilikuwa wapi, na hapo ndipo tutakapochimba shimo la kwanza.