Aliyekubali Kucheza, Je, Amekubali Kuumizwa?

Wakatekumeni wanapofundishwa amri ya tano, hawakawii kufahamu kwamba yakataza kuua, na tena yakataza kupiga, kujeruhi na kumtakia jirani mabaya. Lakini mara hutokea kijana mwenye akili akauliza: Je, na katika mchezo? Kule Masako, penye barabara ya zamani ya Buta, mwendo wa kilomita 14 hivi kutoka Kisangani, vijana hucheza mpira jioni baada ya kazi za shamba. Mmoja humrukia mwenziwe kwa miguu miwili, goti likavimba, na aliyeumia asiweze kushika jembe juma zima. Aliyemwangusha husema, "Ni mchezo tu, naye alikubali mwenyewe kucheza." Je, neno hilo lamaliza shauri?

Yafaa kuanza na kukubali. Mwenye mtumbwi akimwazima jirani mtumbwi wake avuke mto Tshopo, amekubali kwamba utaloa, utakwaruzwa na mawe, labda kafi itavunjika. Hakukubali upasuliwe kuni. Hivyo ndivyo ilivyo kwa mtu aingiaye uwanjani. Huwaazima wenziwe mwili wake kwa muda wa mchezo. Akubali kusukumwa, kuanguka, kuchubuka ngozi, maana pasipo hayo hakuna mpira. Hakukubali kurudi nyumbani kilema. Na hata kama angesema kwa kinywa chake, "Nivunjeni, sijali," bado neno lake halitoshi, kwa sababu mwili huo si wake peke yake. Yuko mama anayeungojea usenye kuni, wako watoto wanaoutegemea kwa chakula, na yuko Mungu aliyeuumba.

Hapo mwingine atajibu: "Sawa, lakini kuna sheria za mchezo, na kuna mwamuzi. Asipopiga filimbi, hakuna kosa." Jibu hili ni zito kuliko la kwanza, na watu wengi wenye heshima husimama juu yake.

Katika nchi za baridi, kama Kanada na Marekani, kuna mchezo wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, hukimbia upesi sana, na sheria yenyewe yamruhusu mtu kumgonga kwa bega mwenziwe aliye na kile kisahani kigumu wanachokipigania. Tarehe 13 Januari 1968, huko Minnesota, mchezaji aitwaye Bill Masterton aligongwa na wapinzani wawili, akaanguka kinyumenyume, kichwa kikapiga barafu. Hakuwa na kofia ngumu. Wachezaji wachache tu walivaa siku zile, tena aliyevaa aliweza kuchekwa kuwa mwoga. Masterton alikufa tarehe 15, akiwa na miaka 29. Hakuna aliyeadhibiwa, kwa maana pigo lile lilihesabiwa kuwa halali. Wakuu wa mchezo walikawia mpaka 1979 kuwalazimisha wachezaji wapya kuvaa kofia, na mpaka 2010 kuweka sheria ya kukataza kumgonga mtu kichwani kutoka upande asikoweza kuona.

Msomaji afikiri kidogo juu ya miaka hiyo. Pigo lililokatazwa mwaka 2010 lilikuwa likivunja watu mwaka 2009 vilevile. Ubongo wa mtu haukungoja sheria iandikwe ndipo uumie. Basi sheria ya mchezo hueleza yale mwamuzi atakayoyaadhibu. Haielezi yote ambayo mtu anamwia mwenziwe, wala haikuandikwa kwa kazi hiyo.

Lakini hakuna haja ya kwenda mpaka kwenye barafu. Jambo lililo wazi kuliko yote lilitokea katika nchi hii ya Kongo, wakati ilipoitwa Zaire, usiku wa kuamkia alfajiri tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa. Wamarekani wawili, Muhammad Ali mwenye miaka 32 na George Foreman mwenye miaka 25, walipigana ngumi mbele ya watu wapatao 60,000, na kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Uwanja ule ulikuwa na historia yake. Aliyeujenga alikuwa Padri Raphaël de la Kethulle, mmisionari wa Scheut, aliyewapenda vijana wa Léopoldville na kuwaanzishia mashule na vyama vya michezo. Ulifunguliwa mwaka 1952, na leo unaitwa kwa jina lake, Tata Raphaël. Katika uwanja huo watu waliimba usiku ule kwa Kilingala, "Ali, boma ye," maana yake, "Ali, mwue."

Ni kweli kwamba katika Kilingala neno hilo husemwa hata kwa mzaha, na wengi walioimba wasingependa kuona maiti. Iwe hivyo. Lakini ngumi si kama mpira. Katika mpira mtu huumizwa njiani, watu wakikimbilia kitu kingine. Katika ngumi pigo lenyewe ndilo litafutwalo, na ushindi mkubwa ni kumwona mwenzio amelala hajitambui. Ndiyo sababu watu wema wengi huutilia mashaka mchezo huo wote, wala mashaka yao si ya kipumbavu.

Ali aliegemea kamba za ulingo raundi baada ya raundi, akamwacha Foreman ampige mikononi na mbavuni mpaka achoke. Katika raundi ya nane akamgeuzia ngumi. Foreman alianza kuanguka polepole akizunguka, kama mti ulioshindwa na shoka. Mkono wa kuume wa Ali ulikuwa umekunjwa tayari, nacho kichwa cha Foreman kilikuwa wazi mbele yake. Sheria ilimruhusu, kwa kuwa Foreman alikuwa hajafika chini. Watu 60,000 walimtaka apige. Mkono ule haukupiga. Ali alimtazama akianguka, basi. Foreman, ambaye baadaye alikuwa mhubiri na aliyefariki mwaka 2025, alilitaja jambo hilo kwa heshima kubwa hata uzee wake.

Huo mkono uliozuiwa ndio jibu la swali la kijana. Ali hakuacha kushinda, wala hakumwonea mpinzani huruma ya uongo kwa kupigana nusunusu. Alimaliza kazi aliyoikubali. Lakini alitambua mahali ambapo kazi ilikuwa imekwisha, na kwamba pigo moja zaidi lisingeongeza kitu ila madhara. Mtu awezaye kutambua hivyo katika makelele kama yale aweza kutambua pia mpira unapokuwa umekwisha kupita na kubaki mguu wa mwenziwe tu.

Na wale waliopiga makelele? Mtakatifu Agostino ameeleza habari za rafiki yake Alipio, aliyechukia michezo ya Roma ambamo watu waliuana mbele ya umati. Rafiki zake walimvuta kwa nguvu mpaka uwanjani. Akafumba macho asione. Lakini umati ulipopaza sauti, akayafumbua. Naye akalewa damu kama wengine, akarudi tena siku nyingine na kuwaita wenziwe. Alipio hakumpiga mtu hata kofi. Hata hivyo Agostino hakumhesabu kuwa hana hatia, kwa kuwa wapiganaji wa Roma waliuana kwa sababu watu walikuja kutazama. Mzee anayekaa kando ya uwanja na kumpigia kelele mwanawe, "Mvunje yule," asidhani kwamba miguu yake haimo katika mchezo.

Liko tena jambo zito kuliko la watazamaji, nalo lawahusu wale wanaosimama upande wa mchezaji mwenyewe. Tarehe 1 Oktoba 1975, huko Ufilipino, Ali alipigana na Joe Frazier. Baada ya raundi ya 14 macho ya Frazier yalikuwa yamevimba, hakuweza kuona ngumi zinazomjia. Ilibaki raundi moja tu. Frazier aliomba aachwe aendelee. Mwalimu wake, mzee Eddie Futch, alikataa, akamaliza pigano, na hivyo akampa mpinzani ushindi. Futch alikuwa amekwisha kuona watu wakifa kwa ngumi.

Ali hakumpata kila mara mtu wa namna hiyo wa kumsikiliza. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alimsihi aache, asisikiwe, akajitenga naye mwaka 1977. Mwaka 1980, akiwa na miaka 38, Ali alipigwa vibaya na Larry Holmes raundi 10 kabla watu wake hawajasimamisha. Na hata baada ya hapo alipigana tena mara moja. Mwaka 1984 waganga walimwona ana ugonjwa wa kutetemeka uitwao Parkinson, aliokaa nao hata kufa kwake mwaka 2016. Waganga hawapatani kama ngumi ndizo zilizouleta. Lakini kwamba mapigo mengi ya kichwa huharibu akili za wapiganaji, daktari Martland wa Marekani alikwisha kuliandika mwaka 1928.

Hapo hoja ya "alikubali mwenyewe" yaonekana udhaifu wake wote. Mchezaji aliyeumia kichwa ndiye asiyeweza kujiamulia. Ubongo umo ndani ya fuvu kama kiini ndani ya yai. Kichwa kikitikiswa kwa nguvu, ganda laweza kubaki zima na cha ndani kimeumia. Mtu husimama, hujipangusa vumbi, husema, "Sina kitu," naye hajui kama timu yake imefunga au imefungwa. Pigo la pili likimkuta kabla hajapona, laweza kumwua. Basi mwingine lazima aamue badala yake, na katika kijiji hakuna Futch wala daktari kando ya uwanja. Yuko mwalimu, au kaka mkubwa, au mzee yeyote aliyepo.

Huyo amwulize kijana ni siku gani, na nani amefunga goli la mwisho. Akijibu ovyo, au akiumwa kichwa, au akiona giza, mchezo wake umekwisha siku ile. Akitapika, akilemewa na usingizi usio wa kawaida, au akishikwa na degedege, achukuliwe upesi kwenye kituo cha afya, hata kwa baiskeli, akiwa ameshikwa na mtu. Naye akilia na kuomba arudi uwanjani kwa sababu timu imebaki na watu 10, aachwe alie.