Teatre imekwisha, mtoto anabaki



Sisi pia tunatazama teatre za Kinshasa katika televizyo. Hatusemi kama ni zambi. Zile za kuchekesha, za mume mwenye kuficha mshahara wake, zinatuonyesha sura yetu, na kicheko kinarudisha wengine katika njia kuliko fimbo.

Lakini kuna zile za kuliza. Jamaa inapata hasara, baba anapoteza kazi, na kipande cha mwisho kinaonyesha kama mulozi ni mtoto mmoja wa nyumba. Kiisha kutazama moja ya namna hiyo, siku tatu tulimwangalia mtoto wa marehemu dada yetu kwa jicho lingine. Alikula polepole, nasi tukasema moyoni: ni alama.

Tuulizane basi. Mtungaji wa teatre anajua mwenye kosa, kwa sababu yeye mwenyewe amempa lile kosa. Ndani ya lupango letu, ni nani ametuonyesha kipande cha mwisho? Hata sheria ya inchi ya tarehe 10 Januari 2009 inapana kifungo cha mwaka 1 mpaka 3 kwa mtu anayeshitaki mtoto kwa ulozi.

Televizyo ikizimwa, mtoto wa teatre anarudi kwao kula. Yule tuliyemfukuza analala sokoni.

Tutazame, tucheke, lakini hukumu ya teatre isiingie nyumbani mwetu. Mwenye mtoto anayelala inje juu ya neno lake, amwite leo arudi. Amina.