Masikio Kwanza, Ndipo Ulimi

Katika sura ya 7 ya Injili ya Marko twasoma habari za mtu mmoja wa nchi ya Dekapoli aliyekuwa kiziwi, tena akisema kwa shida. Habari hiyo husomwa Misani katika Dominika ya 23 ya mwaka B, na wengi wetu huisikia tukatoka na neno moja tu, Efata. Lakini Mwinjili ameandika na mambo mengine madogo yampasayo mwalimu na mzazi. Mtu yule hakuja peke yake. Aliletwa na watu, maana asiyeweza kusema hawezi kujiombea. Bwana wetu naye alimtenga na makutano, akaenda naye kando, wala hakumsimamisha mbele ya watu wapate kumcheka. Kisha alianza na masikio, ndipo akaugusa ulimi.

Sasa tutazame darasa la pili katika shule ya msingi yoyote ya mkoa wa Tanga, iwe Pangani mwambaoni, iwe Korogwe penye mashamba ya mkonge. Mwalimu asema kwa pumzi moja: fungeni daftari, toeni kitabu cha hesabu, fanyeni zoezi la pili. Mtoto mmoja afunga daftari, kisha akaa akiwatazama wenzake. Akiulizwa, arudia neno la mwisho la swali. Akisimulia jambo, mwanzo huja mwisho, na maneno mepesi humpotea. Mwalimu aliyechoka humwita mvivu, wenzake humwita bubu. Kumbe bubu si yeye, wala mvivu si yeye, na aghalabu hana upungufu wa akili. Mchezoni ni hodari, na akionyeshwa jambo kwa mikono hulishika upesi. Lugha yenyewe ndiyo isiyomkalia: kuielewa, kuikumbuka na kuipanga.

Asiyeona tumejifunza kumtambua. Ndugu zetu Walutheri wanayo shule ya wasioona pale Irente, karibu na Lushoto, na yajulikana nchi nzima. Lakini mtoto huyu hana fimbo nyeupe wala alama yoyote. Huketi katika dawati lilelile na wenzake, na tusidhani kuwa ni wachache. Uchunguzi uliofanywa Surrey, Uingereza, na kuchapishwa mwaka 2016, ulikuta watoto wapata wawili wenye shida hii katika kila darasa la watoto 30. Ikiwa hesabu yetu yakaribia hiyo, darasa la watoto 90 lina watoto sita.

Kwetu liko fumbo moja zaidi. Mtoto wa Lushoto huja shuleni na Kisambaa, wa Muheza na Kibondei, wa Handeni na Kizigua, wa Mkinga na Kidigo. Na mkonge nao ulileta watu wa makabila mengi toka mbali. Basi mwalimu hukosea kwa pande mbili. Mara humwona mtoto mzima kuwa mjinga, kwa kuwa Kiswahili kwake ni kigeni. Mara husema juu ya mwenye shida ya kweli, "Huyu hajui Kiswahili tu, atazoea," na miaka mitatu ikapita. Njia ya kupambanua ni kumwuliza bibi yake. Bibi akisema kwamba kwa Kisambaa mjukuu wake husimulia hadithi na kubishana na ndugu zake mpaka usiku, mtoto hana ugonjwa, ajifunza lugha ya pili. Bibi akisema kwamba hata kwa Kisambaa alichelewa kusema, na hata leo akitumwa vitu viwili huleta kimoja, hapo ndipo penye shida. Kwa maana shida hii huonekana katika kila lugha ya mtoto. Wingi wa lugha hausababishi shida hiyo, na mama asiache kusema na mwanawe kwa lugha ya nyumbani.

Wako wazazi wanaompeleka mtoto kwa fundi akakatwe udata chini ya ulimi kwa wembe. Shida ya kupanga maneno haimo katika nyama ya ulimi, na wembe ule huleta damu na vidonda tu. Kinachofaa ni kupimwa masikio hospitalini, kwa kuwa mtoto aliyetoka usaha masikioni mara kwa mara pengine hasikii vema, na watu wasijue.

Na viboko? Kanuni za mwaka 2002 zaviruhusu kwa makosa makubwa tu, visizidi vinne, tena kwa mkono wa mwalimu mkuu au wa mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Kutoelewa swali hakumo katika makosa hayo. Ampigaye mtoto kwa sababu hakujibu aivunja kanuni ya nchi, na mbele ya Mungu ampiga mtu kwa udhaifu asioutaka.

Mwalimu aseme jambo moja, angoje, ndipo aseme la pili. Maneno mapya ya somo ayafundishe kabla ya somo, kwa kitu chenyewe au kwa picha. Akiuliza, ampe mtoto nafasi ya kufikiri, hata kama darasa lanong'ona. Musa alipojitetea kwamba ni mzito wa kusema, Mungu hakumwondolea kazi. Alimpa Haruni, kaka yake, awe msemaji wake. Mwenye shida naye aketi mbele, karibu na mwenzake mpole wa kumrudilia maagizo. Haya yawezekana hata penye watoto 90, nayo hayana gharama.

Tusiwatupie walimu wa serikali lawama yote. Ziko shule za watu binafsi, na za Kanisa zimo, zinazompima mtoto wa miaka sita kwa usaili wa Kiingereza, na asiyejibu hurudishwa nyumbani. Mtoto tunayemsema hufukuzwa hapo kwanza, na ni vigumu kuona jinsi jambo hilo linavyopatana na Injili tuliyoitaja.

Waganga wa lugha na usemi ni haba katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008, na Muhimbili nayo yafundisha sasa, lakini itachukua miaka mingi kabla ya mmoja wao kufika Mkinga. Basi mwezi wa Januari, shule zifunguapo, mzazi asimwache mtoto langoni. Aingie naye, amwone mwalimu wa darasa la kwanza kando, amwambie mtoto alianza kusema akiwa na umri gani, nyumbani hutumia lugha gani, kama amepata kuugua masikio, na ni maagizo mangapi ayashikayo kwa mara moja.