Lipiko na Mwendo wa Mjomba

Lipiko akiingia uwanjani huko Newala, watoto hutimua mbio na kina mama hupiga kelele. Kwa desturi ya Wamakonde, huyo ni mzimu. Mvulana akienda jando ndipo anafunuliwa siri: ndani ya kinyago cha mti na nguo zile yumo mtu, pengine mjomba wake. Anaonywa asiseme, hasa kwa wanawake.

Basi alidanganywa? Ndiyo, tusijifiche nyuma ya neno “mila”. Lakini uongo ule una siku yake ya mwisho, na siku hiyo mtoto anaaminiwa.

Kinachonisumbua ni dada yake. Naye anajua, nani asiyeujua mwendo wa mjomba wake? Ila yeye inabidi aendelee kukimbia mpaka uzeeni.