Frateri, Hiyo Saa Shilingi Ngapi?



Wapendwa vijana, leo sianzi na Aristotle wala Mtakatifu Thomas wa Akwino. Naanza na saa yangu ya mkononi. Kiukweli imenifundisha jambo ambalo miaka yangu ya falsafa ilinipa maneno yake tu.

Mimi ni mtoto wa Kakola, Bulyanhulu. Ukisimama nje ya nyumba yetu unauona mnara wa mgodi mkubwa, ambako watu wanashushwa kwa lifti zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. Nje ya uzio kuna maduara ya wachimbaji wadogo, na huko watu wanashuka kwa kamba. Mjomba wangu alikuwa mtu wa kamba. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kukaa mdomoni mwa duara. Wenzake wakishalipua mwamba, moshi unabaki chini, na moshi ule unaua bila kelele. Lazima mtu wa juu ahesabu muda, moshi utoke, ndipo aruhusu mwenzake ashuke. Mjomba alihesabu kwa saa ya plastiki iliyokatika mkanda, kaifunga kwa uzi wa kiroba. Kwa hiyo tangu utoto nilijua kwamba saa si urembo. Dakika anazohesabu mtu wa juu ni pumzi ya mtu wa chini.

Pengine ndiyo maana nilikuja kuzipenda saa za wapiga mbizi. Zilishika sura tunayoijua leo miaka ya 1950. Blancpain walitoa ile yao iitwayo Fifty Fathoms mwaka 1953, na Seiko ya Japani wakatoa ya kwao ya kwanza mwaka 1965. Juu yake kuna pete inayozunguka. Mpiga mbizi akianza kuzama anaisogeza alama ya pete mpaka ulipo mshale wa dakika, halafu anasoma amekaa chini muda gani. Uzuri ni kwamba pete hiyo inageuka upande mmoja tu. Ikigongwa bahati mbaya kwenye mwamba, itamwambia amekaa muda mrefu kuliko alivyokaa. Haiwezi kumdanganya kwamba bado ana muda. Yaani ikikosea, inakosea upande wa uhai.

Na zile za otomatiki hazina betri. Ndani kuna kipande cha chuma kinachozunguka kila unapotikisa mkono, nacho kinakaza springi. Ukiivua ukaiweka, baada ya siku moja na nusu au mbili hivi inasimama.

Sasa twende Ureno. Mwaka 2023 nilibahatika kwenda Siku ya Vijana Duniani, Lisbon, kuanzia tarehe 1 hadi 6 Agosti. Nauli alilipa mfadhili. Lakini pesa ya njiani ilichangwa nyumbani. WAWATA walichanga, VIWAWA walichanga, jumuiya yetu ikapitisha daftari nyumba kwa nyumba. Zilipatikana shilingi 840,000. Katibu alinipa nakala ya orodha ili niwaombee waliochanga kwa majina. Mmoja wao alikuwa mama anayeponda mawe ya dhahabu kwa nyundo karibu na makarasha. Mbele ya jina lake paliandikwa 2,000.

Kule pesa haikutumika sana. Wiki iliyotangulia tulikaa kwenye familia za Kireno zilizotupokea majimboni, wakatulisha kama watoto wao. Siku moja kabla ya kurudi nikapita mbele ya duka moja dogo la saa. Dirishani ilikuwepo Orient ya Kijapani, ya otomatiki, uso wa bluu, mita 200. Euro 190. Kwa bei ya pesa ya wakati ule, kama shilingi 510,000.

Nisikilizeni jinsi falsafa inavyoweza kuajiriwa kama wakili. Nilisimama pale dirishani nikajenga hoja tatu. Ya kwanza: maisha ya seminari ni kengele, frateri anahitaji saa. Ya pili: kitu imara kinadumu, na kununua cha bei rahisi mara kumi ni kupoteza. Ya tatu: sisi wa jimbo hatuweki nadhiri ya ufukara kama watawa. (Kanuni ya 282 ya Sheria za Kanisa, inayowataka makleri waishi maisha ya kawaida bila makuu, niliiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.)

Hoja zote tatu zina ukweli ndani yake, na hapo ndipo penye hatari. Nilikuwa najibu kama inafaa frateri kuwa na saa nzuri. Swali la siku ile lilikuwa lingine: hii pesa ni ya nani? Nilikuwa na daftari zima la majina kwenye begi, sikulifungua. Nikalipa.

Na mimi, wapendwa, sijui hata kuogelea.

Nilirudi, nikapangiwa parokia kwa mwaka wa uchungaji. Jumapili moja nilikwenda kigangoni kwetu. Baada ya ibada yule mama wa nyundo akanishika mkono.

"Mwangaluka, Frateri mwanangu! Saa nzuri hiyo. Shilingi ngapi?"

Nilikuwa na sekunde moja ya kuamua, nikasema: "Ya kawaida tu, Mama. Elfu thelathini."

Akacheka kwa furaha. Mimi nikaenda zangu. Usiku ule niliivua saa nikaitupa ndani ya droo chini ya soksi. Nilipoitazama tena siku ya tano ilikuwa imesimama saa kumi na dakika kumi na mbili, na hata sijui ni ya usiku au ya jioni. Kitu nilichokitamani hivyo, sasa nilikuwa siwezi kukivaa wala kukitoa kwa mtu.

Ingeishia hapo ningeisahau. Lakini baada ya kama miezi miwili mama alinifuata tena. Alikuwa na fundo kwenye ncha ya kanga. Akalifungua taratibu, noti za elfu mbili mbili na elfu tano, nyingine zimekunjwa mpaka zimekuwa ndogo kama pipi. Elfu thelathini.

"Baba watoto anasimamia duara siku hizi," akasema. "Nimekusanya. Ukienda mjini nichukulie kama ile yako."

Vijana wenzangu, nimefanya mitihani ya mdomo mbele ya majaalimu. Sijawahi kukaushwa mdomo kama siku ile. Uongo wangu haukubaki maneno. Ulikuwa umeingia kwenye nyundo ya mama wa watu, ukamfanya aponde mawe miezi miwili akifuata bei ambayo haipo.

Nikamwambia. Bei halisi, na ilikotoka pesa.

Hakupiga kelele. Alilifunga fundo lake upya, polepole, akalivuta kuhakikisha limekaza. Kisha akasema: "Mficha uchi hazai, Frateri. Kawaambie jumuiya mwenyewe. Wasiambiwe na mimi."

Kwanza nilikwenda kwenye kitubio. Padre alinipa maondoleo, lakini alinikumbusha jambo tunalolisoma na kulisahau: Mungu anasamehe dhambi, pesa ina wenyewe na lazima irudi kwao. Toba haifuti deni.

Alhamisi nikasimama mbele ya jumuiya. Nilikuwa nimepanga kishujaa: nitaiuza, au nitampa mjomba aitumie kule kazini, iokoe watu. Mjomba, ambaye alikuwepo, alikataa palepale. "Hiyo itaniletea wezi. Mimi siku hizi nahesabu kwa kitochi." Watu wakacheka, nami nikaona kwamba hata ukarimu wangu ule ulikuwa wa kujipamba. Kijana mmoja wa VIWAWA hakucheka. Alisema hatamchangia frateri tena. Mpaka leo hajabadili msimamo, na sina haki ya kumlaumu.

Mwenyekiti, mzee wa watu, ndiye aliyefunga shauri. Pesa irudi kidogo kidogo kwenye mfuko wa wagonjwa, shilingi 25,000 kila mwezi kutoka kwenye posho yangu ya kufundisha dini. Kuhusu saa akasema: "Usiuze. Vaa. Na ukiulizwa bei, uitaje."

Nilidhani amenihurumia. Sasa najua kwamba ile ndiyo ilikuwa sehemu nzito ya hukumu.

Tujiulize basi: kosa langu lilikuwa nini hasa? Wengi watasema ni bei. Sina hakika. Soma Yohane sura ya 12. Maria wa Bethania anammiminia Yesu marhamu ya thamani kubwa miguuni. Anayepiga hesabu mezani ni Yuda: kwa nini haikuuzwa kwa dinari mia tatu, wakapewa maskini? Dinari moja ilikuwa kibarua cha siku nzima, kwa hiyo anazungumzia karibu mshahara wa mwaka. Hesabu yake ni sahihi kabisa. Hata hivyo Yesu anamtetea mwanamke. Kumbe kitu cha gharama si dhambi kwa sababu tu ni cha gharama, na anayetaja maskini si lazima awe anawapenda.

Tofauti ya wale wawili iko wapi? Maria alitoa kilicho chake, mbele ya watu wote, nyumba nzima ikajaa harufu. Yuda, anasema mwinjili, ndiye aliyeshika mfuko wa wote, akawa anachukua kisirisiri. Wa kwanza hakuwa na cha kuficha. Wa pili alikuwa na hesabu nzuri na mkono uliofichwa. Mimi pale dirishani Lisbon nilijiona Maria anayependa kitu kizuri. Nilikuwa nimeshika mfuko.

Mtakatifu Thomas anafundisha kwamba ni halali mtu kumiliki na kusimamia mali, lakini katika kuitumia aione kama ya wote, awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Zamani nililiona fundisho hili ni la matajiri. Sasa naona linamgusa kila aliyechangiwa. Ada yako iliyolipwa na shangazi aliyeuza mpunga, bando analokutumia kaka aliyeko mgodini, simu uliyonunuliwa ili usome: hizo ni amana. Na amana ina kipimo chepesi ambacho hakihitaji shahada. Je, unaweza kumtajia bei yule aliyekuchangia, ukimtazama machoni? Ukiweza, vaa kwa amani. Ukihisi ulimi unatafuta elfu thelathini, simama hapo hapo, kabla hujalipa.

Tena ukiwa na shaka, fanya kama ile pete: kosea upande mmoja tu, upande wa mwenzako. Afadhali ukose kitu ulichostahili kuliko kumlia mtu jasho lake kwa hoja nzuri.

Baba Mtakatifu Fransisko, tarehe 6 Julai 2013, aliwaambia waseminari na wanovisi kwamba inamuumiza kumwona padre au mtawa na gari la toleo jipya kabisa. Yeye mwenyewe alivaa saa ya plastiki. Nilikuwa nayajua hayo yote kabla ya Lisbon. Kujua hakukunisaidia. Kilichonisaidia ni mama mmoja na fundo la kanga.

Mpaka leo nimerudisha 300,000. Zimebaki 210,000. Saa ninayo mkononi ninapoandika, inatembea kwa sababu mkono unatembea. Wiki iliyopita mwanafunzi wa kidato cha pili aliniuliza: "Frateri, hiyo saa shilingi ngapi?" Nikamwambia laki tano na kumi. Akashtuka, akaniuliza nilipata wapi. Nikamsimulia yote haya. Kengele ya kipindi ikagonga, hatukusoma somo la siku hiyo.

Na baba watoto? Nilimtafutia Kahama saa ya kawaida isiyoingia maji, yenye taa. Elfu ishirini na nane. Mama nikampa chenji yake, elfu mbili. Akaitazama ile noti, akaitazama tena, akaifunga kwenye kanga.

Maswali ya kutafakari wiki hii:
1. Ni kitu gani ulicho nacho ambacho huwa unadanganya bei yake? Unamdanganya nani?
2. Nani yumo kwenye "daftari" lako? Umewaombea kwa majina lini mara ya mwisho?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyekubali marhamu ya Maria na uliyeujua mkono wa Yuda, utupe macho ya kutambua kilicho chetu na kilicho amana. Utujalie ulimi usioficha, na moyo wa kurudisha tulichochukua. Uwalinde wote wanaoshuka chini ya ardhi leo, na wanaohesabu dakika juu yao. Amina.

Mama Bikira Maria, utuombee.